Nilivyorudi Nairobi Kugandisha Mayai

Ukuta wa chumba cha kusubiria ulijaa picha za watoto wachanga. Wote wanene, wamevalishwa kofia za sufi, na kila mmoja anacheka kama aliyelipwa. Sijui nani alifikiri kwamba mwanamke aliyekuja kuambiwa kama bado ana mayai au hana angependa kukaa akitazama watoto wale. Niligeuza kiti nikawapa mgongo. Matokeo yake nikabaki natazamana na bwana mmoja aliyemsindikiza mkewe, anacheza gemu kwenye simu huku sauti ameifungulia yote.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Naandika haya kwa ajili yako wewe ambaye mara ya kwanza haikukupa kitu, na sasa unajiuliza kama urudi. Kuhusu kuanza, watu wana mengi ya kusema. Kuhusu kurudia, hakuna aliyeniambia neno la maana, na walionisemesha walikuwa wengi.

Naitwa Rhobi. Kwetu ni Ringwani, wilaya ya Serengeti, ila nyumba yangu iko Nkende, Tarime mjini. Kazi yangu ni dhahabu. Sichimbi. Nina karasha, mashine ya kusagia mawe, pamoja na sehemu ya kuoshea unga wake, na wachimbaji wananiletea mawe yao. Dhahabu ilipofumuka upande wetu, watu walikuja kama nzige. Walimu waliacha chaki, makondakta waliacha mabasi, na wanaume ambao hawajawahi kulima hata tuta moja la viazi waligeuka mabosi wa mashimo kwa wiki moja. Kila mmoja alikuwa karibu kutajirika. Wengi wao mpaka leo bado wako karibu.

Ugonjwa wangu ulianza na hedhi iliyokataa kukatika, na maumivu ya chini ya kitovu ambayo yalinifanya nishike nguzo ya karasha nisianguke. Daktari wa Mwanza alinipasua akatoa ovari ya kulia, pamoja na uvimbe uliojaa damu iliyooza. Aliponionyesha picha niliona kitu kinachofanana na oili chafu ya jenereta. Nikapona, nikarudi kazini. Baada ya masika mawili maumivu yakarudi, safari hii kushoto.

Machimboni wana imani yao kwamba mwanamke aliye kwenye siku zake akisogelea shimo, dhahabu inakimbia. Mimi nilikuwa natoka damu karibu mwezi mzima, na mwenye shimo mmoja, mtu mzima mwenye wake na wajukuu, alinifuata karashani akiwa na wenzake.

"Mama Karasha," alisema, "mwamba umekata, dhahabu haionekani. Tunaomba ukae nyumbani mpaka mambo yako yaishe."

"Mambo gani?"

Akatazama chini. Midomo ya kuniondoa walikuwa nayo, ya kulitaja neno lenyewe hawakuwa nayo. Walimleta mganga, akaomba mbuzi mweusi, akamchinja pale shimoni, akamla yeye na watu wake. Mwamba uliendelea kukata. Mimi niliendelea kutoka damu. Aliyenufaika ni mganga peke yake.

Daktari wa Mwanza aliniambia ovari ya kushoto nayo lazima ipasuliwe, na kwamba hawezi kuniahidi kuwa ataiacha mahali pake akimaliza. Kama nataka kuzaa siku moja, nikagandishe mayai kwanza. Yeye hafanyi kazi hiyo. Kwa sisi wa Tarime, Nairobi ni karibu kuliko Dar: unavuka mpaka wa Sirari asubuhi, jioni umefika.

Dada wa mapokezi alikuwa na kucha ndefu na Kiswahili cha kwao. "Na mume wako ako wapi, madam?" Nikamwambia sina. "Sawa, lakini nani atakuja kusaini?" Nikamwambia nitasaini mwenyewe, nimeanza kusaini vitu kabla hajazaliwa. Akacheka akidhani nimetania.

Walinipa sindano nikazianzie nyumbani, kwenye kiboksi chenye barafu. Sindano haikunitisha. Nimekua nikiwachoma ndama wa baba, na ndama hatulii. Kilichonitisha ni mpaka. Askari alifungua kiboksi, akatazama vichupa, akanitazama mimi na vumbi la machimbo kwenye viatu vyangu, akaamua navusha dhahabu, japo nilikuwa natoka Kenya narudi nyumbani.

"Dhahabu inawekwa kwenye barafu?" nilimuuliza.

"Nyie watu wa huko mna mbinu nyingi," alisema. Akamwita mwenzake. Walisimama pale juani wanavinusa vichupa vyangu mmoja baada ya mwingine, barafu inayeyuka, mpaka wakaridhika kwamba dhahabu hainuki vile.

Nyumbani sikuwa na friji ya kuaminika, nikaziweka kwa jirani anayeuza soda. Zikakaa katikati ya chupa za Fanta. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Nilijichoma tumboni kila jioni, na tumbo likavimba likawa gumu kama la mtu mwenye mimba. Kanisani, mke wa mchungaji aliniwekea mkono juu yake bila kuniomba ruhusa, akafumba macho akamshukuru Mungu kwa sauti. Wanawake wa kwaya wakaitikia. Nilisimama pale Mungu akishukuriwa kwa ajili ya uvimbe.

Kisha nikarudi Nairobi, nikalazwa kwa nusu kaputi, wakavuna. Walihitaji mtu wa kunipokea nikizinduka, nikamlipa dereva wa teksi awe binamu yangu. Alikuwa binamu mzuri, ila jina langu lilimshinda. Siku iliyofuata nikapata ujumbe kwenye simu: yamepatikana mayai mawili, moja halikukomaa, moja limegandishwa. Mwishoni waliweka kikatuni kinachotabasamu.

Yai moja. Nilikuwa nimekaa stendi nasubiri gari la Sirari. Nilizima simu, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikayala yote.

Ndipo uamuzi ulipokuja, na waamuzi wakaja nao. Daktari wa Mwanza alisema naweza kusubiri mpaka mvua ziishe, si zaidi. Kwa hiyo nilikuwa na msimu mmoja wa kuchagua: nirudie, au nipasuliwe nikiwa na yai langu moja, yaishe.

Wa kwanza kufika alikuwa Marwa. Huyu ni mnunuzi wa dhahabu, mjane, mwenye gari kubwa ambalo analiosha zaidi ya anavyojiosha. Alikuwa ananitaka kwa muda, na mimi nilikuwa sijamkatalia waziwazi kwa sababu hakuwa mbaya kukaa naye. Alinipeleka kula nyama, na kabla nyama haijafika akanieleza mwili wangu. Alikuwa amesoma kwenye simu.

"Yai peke yake ni dhaifu," alisema. "Likishaunganishwa na mbegu, likawa kiinitete, linavumilia barafu vizuri. Kwa hiyo rudi, ila safari hii twende wote. Mimi natoa mbegu."

Nakiri kwamba jambo lenyewe halikuwa upuuzi. Daktari wa Nairobi aliwahi kunigusia hivyo hivyo. Nilimuuliza Marwa swali moja tu. "Na tukikosana?"

Alinitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Tukikosana vinabaki pale. Huwezi kutumia mbegu yangu bila mimi."

"Na yai langu lililo ndani?"

"Rhobi, hayo ni makubaliano. Kama mawe. Wewe una karasha, mimi nina mawe, tunagawana unga."

Nyama ilipofika alinichagulia kipande chenye mafuta akaniwekea kwenye sahani, kwa mapenzi kabisa. Yule mtu hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililonikatisha tamaa. Aliuona mwili wangu wote ukilala kwenye meza ile na kitu alichokiona ni mgao. Nilikula nyama yake, nikamshukuru, na sikupokea simu zake tena.

Wa pili alikuwa shangazi Wegesa, dada wa marehemu baba. Aliniita Ringwani, na nilipoingia nikamkuta amekaa na mama, pamoja na msichana mmoja ambaye sikumjua, miaka ishirini na kitu, kitambaa kichwani, mtoto mdogo mapajani.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa," alisema shangazi. "Huyu anaitwa Nyangi. Wazazi wake wako tayari."

Nilielewa papo hapo. Kwetu Kuryani mwanamke asiye na mtoto akiwa na ng'ombe anaweza kumwoa mwanamke mwenzake. Tunaita nyumba ntobhu. Unatoa mahari, anakuja kwako, anazaa na mwanaume mnayekubaliana, na watoto wanakuwa wako, wanabeba jina lako. Bibi yangu mmoja aliishi hivyo na hakuna aliyemcheka.

"Ng'ombe unao," shangazi aliendelea. "Karasha unalo. Kinachokupeleka kwa Wakenya wakakutoboe ni nini? Mtoto wa Nyangi ni mtoto wako. Tena huyu uzazi wake umeshaonekana." Akamnyooshea kidole yule mtoto mdogo, kama mtu anayeonyesha sampuli ya jiwe.

"Na maumivu yangu, shangazi? Nyangi ataumia kwa niaba yangu?"

"Maumivu ni ya kila mwanamke."

Shangazi alizaa watoto tisa. Anazungumza kuhusu maumivu kama mtu aliyepewa hati miliki yake. Nilitoka nje kabla sijasema kitu ambacho mama angekisikia. Nyangi alinifuata mpaka kwenye zizi, mtoto mgongoni.

"Dada, mimi sina tatizo," alisema.

"Huna tatizo na nini?"

"Na kuolewa na wewe. Yule aliyenizalisha alikuwa ananipiga. Wewe huwezi kunipiga."

Nilikuwa nimejiandaa kumdharau na yeye. Nilikuwa na dharau ya kumtosha kila mtu siku ile. Lakini alisema vile kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari, na nikakosa pa kuiweka. Nilimwambia simwoi, kwamba si kwa ubaya, kwamba sitaki mtu aje kwangu kwa sababu tu mimi ni afadhali ya kipigo. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama machimboni kuna kazi ya kupika. Nikamwambia ipo, na wiki hiyo hiyo akaanza kuwapikia watu wa karasha.

Mama hakusema chochote siku ile mbele ya shangazi. Alisubiri mpaka nilipokuwa nafunga viatu niondoke.

"Yai moja limekuvimbisha vile," alisema. "Unataka uvimbe tena?"

"Sijui, mama."

"Kama hujui, acha. Kata kitu hicho, ulale. Mimi nataka mtoto niliyemzaa, wajukuu ninao kwa Chacha."

Chacha ni mdogo wangu. Watoto wake ni wazuri na wana adabu, hawakuipata kwake.

Ya mama ndiyo maneno pekee yaliyonifanya nilie, na ndiyo yaliyonichelewesha. Marwa na shangazi ilikuwa rahisi kuwakataa kwa sababu walikuwa wanataka kitu. Mama hakutaka kitu. Nilirudi Nkende, mvua ikanyesha, mashimo yakajaa maji, karasha likasimama, nami nikakaa ndani na chupa ya maji ya moto tumboni, leo naamua hivi, kesho vile. Nikiwa na maumivu nilitaka nipasuliwe kesho yake. Yakitulia, nilitaka mtoto. Sikujua ni yupi kati ya wale wawili aliyekuwa mimi.

Mwishowe nilimpigia simu daktari wa Nairobi mwenyewe, siyo mapokezi. Niliapa kwamba nikisikia habari za matumaini nakata. Nikamuuliza: nikirudia, nitapata zaidi?

"Inawezekana ukapata zaidi. Inawezekana ukapata moja tena. Inawezekana usipate hata moja. Naweza kukutajia namba, lakini zitakuwa namba za wanawake wengine."

"Na zile sindano kukaa kwenye friji ya soda?"

"Haikusaidia. Sijui kama ndiyo iliyoharibu."

Tangu niugue, huyo alikuwa mtu wa kwanza kuniambia sijui. Ajabu ni kwamba lile sijui lake ndilo lililonisimamisha. Kama hata yeye hajui, basi sikuwa mjinga kwa kutojua, na sikuhitaji uhakika ndipo niende. Nilihitaji tu kujua nitaacha lini. Nikaamua: mara moja tu zaidi. Mayai yangu peke yake, bila mbegu ya mtu. Nitakaa Nairobi tangu sindano ya kwanza, sitavusha kiboksi wala kuazima friji. Na yakivunwa matatu au sifuri, kutoka pale naenda Mwanza kupasuliwa, sirudi kuuliza mtu.

Nakushauri na wewe uweke mpaka wako kabla hujaanza. Ukishaanza, kila mtu kliniki pale ana sababu nzuri ya wewe kuongeza moja tena.

Mvua zilikuwa zinaisha, maana yake mashimo yanakauka na dhahabu inaanza kutoka. Ni wakati mbaya kuliko yote wa kuliacha karasha. Nililiacha kwa Chacha. Aliapa kwa kaburi la baba kwamba atalisimamia, na mimi nikajua palepale kwamba ataniibia. Aliniibia, ila kwa uvivu, kama anavyofanya kila kitu, kwa hiyo nilikuta mashine bado ipo.

Ilibaki habari ya mtu wa kunipokea nikizinduka. Sikutaka binamu wa kukodi tena. Nyangi alisikia nikizungumza kwenye simu karashani, akafuta mikono kwenye kanga. "Mtoto atabaki kwa mama," alisema. "Mimi nitakwenda."

Kule mapokezi alikuwepo dada yule yule, kucha rangi nyingine. "Na huyu ni nani wako, madam?"

Kabla sijafungua mdomo, Nyangi akajibu. "Alikuwa anioe," alisema, "lakini akakataa."

Yule dada alibaki ameshika kalamu hewani. Bwana mmoja aliyekuwa karibu na dirisha aliinua macho kutoka kwenye simu yake. Nilicheka mpaka tumbo likaniuma, na maumivu yale yalikuwa ya kwanza kwa muda mrefu ambayo sikuyachukia.

Tulipanga chumba karibu na kliniki. Nyangi alikuwa amebeba unga wa mtama na muhogo kutoka nyumbani, akasema ugali wa Nairobi ni uji ulioganda. Kila asubuhi tulikwenda kwenye foleni, nikapigwa altrasaundi, tukarudi. Nilivimba tena. Miguu ilijaa, matiti yaliuma hata kwa shuka, na nilikuwa mkali kiasi kwamba siku moja nilimfokea Nyangi kwa sababu alikuwa anapumua. Alinisogezea chai, akaenda kupumulia nje. Kuna watu wamenisomea zaburi nzima wasinisaidie nusu ya hivyo.

Siku ya kuvuna nilizinduka nikamkuta ameketi, mkoba wangu ameukumbatia kwa mikono miwili. Alinivalisha viatu. Hakuniuliza yamepatikana mangapi, na mimi nilikuwa bado sijaambiwa. Ujumbe ulikuja kesho yake, na kikatuni kile kile. Nilisoma, nikamwonyesha. Yeye hasomi vizuri, akanitazama usoni badala ya simu, akasema, "Haya. Twende nyumbani."

Nyumbani nilipita tu. Siku chache baadaye nilikuwa Mwanza, kwenye kitanda cha hospitali, kiangazi kimeanza, na daktari ananieleza tena kwamba akiikuta ovari ya kushoto imeharibika ataitoa. Nikamwambia afanye atakachokiona. Sikuwa na hofu ile ya mara ya kwanza. Nilikuwa nimechoka tu, na uchovu nao una faida yake.

Aliitoa. Tangu hapo sijatoka damu. Nilipata majasho ya ghafla, yale ya wanawake wa rika la mama, na mpaka leo namwaga maji shingoni mbele ya wateja nao wanajifanya hawaoni. Uso umekauka, nywele zimepungua mbele. Lakini nasimama karashani asubuhi mpaka jioni bila kushika nguzo. Wenye mashimo wamegundua kwamba sasa naweza kusogea popote, dhahabu haikimbii. Wananikaribisha kwa heshima kabisa. Wanaume hao hawajui walivyo wadogo machoni pangu.

Kama nitayatumia yale mayai, na kwa mbegu ya nani, na kama yatakubali, sijui. Nayalipia yakae. Usiniulize kama ilifaa, kwa sababu anayekuuliza hivyo anataka umwonyeshe mtoto, na mimi wa kumwonyesha sina.

Nitakuambia tu siku niliyozinduka Mwanza. Mama alikuwa amekuja kutoka Ringwani, ameketi kwenye benchi la chuma, viatu amevivua amevipanga chini yake. Aliona nimefungua macho, akasogea.

"Wameitoa?" aliuliza.

"Wameitoa."

Akanifunika shuka vizuri mabegani. Akaniinamia, akashusha sauti, ingawa wodi nzima ilikuwa na wagonjwa wasiojua Kikurya. "Na yale ya Nairobi?"

"Yapo, mama. Safari hii yalipatikana, yako ma—"

Akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Kilikuwa kinanuka moshi na maziwa. "Watoto hawahesabiwi," alisema. "Na usije ukamtajia mtu."

Kwa hiyo na wewe sitakutajia.